Maziwa Huanzia Malishoni

Mwezi wa Oktoba katika vijiji vya Shinyanga jua huwa kali, na vumbi hufunika hata majani ya mwarobaini. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaujua mwezi huu kwa kutazama mizani. Watoto waliokuwa wakiongezeka vizuri tangu Aprili huanza kusimama mahali pamoja. Mstari kwenye kadi ya kliniki, ambao hapana budi upande, hulala chali. Wengine huteremka kabisa.

Siku moja ya kliniki ya kijijini walikuja akina mama wawili majirani, kila mmoja na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nyumba zao zimeachana kwa umbali wa kupigiana kelele tu. Kila nyumba ina ng'ombe sita. Kila nyumba hulima mtama, mahindi na pamba kidogo. Mtoto wa mama wa kwanza alikuwa ameongezeka. Wa pili alikuwa amepungua, na nywele zake zilianza kupoteza rangi.

"Unampa nini, mama?" tulimwuliza yule wa pili.

"Uji mtupu, nesi," alijibu akiinamisha kichwa. "Ng'ombe wamekauka tangu Agosti."

Jirani yake alikuwa bado anakamua. Si nyingi, lakini kibuyu hakikulala kitupu. Tukajiuliza: ng'ombe ni wale wale, mvua ni ile ile, kijiji ni kimoja. Tofauti imetoka wapi?

Jumamosi iliyofuata sisi wa umoja wa wanawake wa kanisa tulikuwa na ratiba ya kutembelea nyumba. Tukaamua kuanza na hizo mbili. Jibu tulilolipata halikuwa jikoni wala zizini. Lilikuwa malishoni, ardhini, katika aina ya nyasi zilizoota na katika miti iliyosimama juu yake. Tumeona vema tuwashirikishe akina mama wenzetu, hasa ninyi mnaoishi katika nchi ya mbuga na mifugo, maana jambo hili linagusa kikombe cha mtoto.

Nyasi zina tabia zake

Katika nyumba ya kwanza tulipokelewa na mama mkwe, bibi wa miaka mingi ambaye bado ana macho makali. Baada ya salamu alituongoza hadi nyuma ya boma, kwenye ngitili ya familia. Kwa wasomaji wasioijua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue bila kuliwa, kisha hulifungua kiangazi kinapokuwa kikali. Wanaotangulizwa kuingia ni maksai wa kulimia, ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na wanyama wagonjwa.

Mama mmoja kati yetu, mzaliwa wa mjini, alisema kwa mshangao, "Lakini bibi, mbona hizi ni nyasi kavu tu?"

Bibi alicheka. Alichuma shina moja akamwonyesha. "Hii ng'ombe anaipenda hata ikiwa kavu." Akachuma jingine. "Hii anaila asipokuwa na nyingine. Na ile pale hataigusa, atakufa na njaa akiitazama."

Kwa maneno hayo machache bibi alitufundisha jambo ambalo wataalamu wa malisho hulieleza katika vitabu vinene. Nyasi za mbugani zimegawanyika katika makundi makubwa mawili. Kuna nyasi za kudumu, ambazo shina lake hubaki hai chini ya ardhi mwaka hadi mwaka na kuchipua mvua zikirudi. Na kuna nyasi za msimu mmoja, ambazo huota kwa mbegu, huzaa haraka, kisha hufa mara mvua inapokatika.

Nyasi za kudumu zina mizizi mirefu. Huhifadhi chakula katika mizizi na katika shina la chini, kama mama anayeweka akiba ya unga kwenye kihenge. Kwa hiyo hukawia kukauka na ng'ombe hupata chakula miezi mingi. Nyasi za msimu mmoja zinapendeza sana Januari. Ukitazama kwa mbali utadhani malisho yamejaa. Lakini ifikapo Julai zimekwisha kuwa makapi, na upepo umezipeperusha.

Basi malisho mawili yanaweza kuwa ya kijani sawasawa wakati wa mvua, na kiangazi moja likalisha na jingine lisilishe. Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti ya majirani wetu wawili.

Mdomo wa ng'ombe huchagua

Nani anayeamua ni nyasi gani ziote? Mvua na udongo vina sehemu yake, na hatuwezi kuvibadili kwa siku moja. Lakini mchungaji naye ana sehemu kubwa, ajue au asijue.

Ng'ombe ana uchaguzi. Huanza na nyasi tamu. Zile ngumu na zenye miiba huziacha. Malisho yakichungwa kila siku bila kupumzika, nyasi tamu huliwa, huchipua kidogo, huliwa tena. Kila zinapoliwa hutumia akiba yake ya chini ili kutoa majani mapya. Akiba ikiisha, mizizi hufupika, na shina hufa. Wakati huohuo zile zisizopendwa hukua kwa raha, huzaa mbegu na kutawanya watoto wake kila mahali. Mwaka hadi mwaka wabaya huongezeka na wazuri hupungua.

Sisi wauguzi tulilielewa jambo hili upesi, kwa sababu tunaliona kliniki. Mama anayezaa mfululizo bila kupumzika hupungukiwa damu na nguvu, hata mimba ya nne au ya tano inamkuta hana akiba yoyote mwilini. Hakuna anayemlaumu kwa kudhoofika. Tunashauri apate nafasi kati ya mtoto na mtoto. Nyasi nazo zinahitaji nafasi kati ya kuliwa na kuliwa. Si kwamba kuliwa ni dhambi. Nyasi zimeumbwa ziliwe. Hukua kutokea chini, ndiyo maana zikikatwa juu huchipua tena. Zipo hata nyasi nzuri za kudumu ambazo zisipoliwa kabisa hujisonga kwa majani yake makavu na kudhoofika. Linaloua ni kutopumzika.

Katika nyumba ya pili tulikuta yaliyotokea. Familia ile nayo ilikuwa na ngitili, lakini ilikuwa ikifunguliwa mapema, Februari au Machi, mvua inapopumzika kidogo na kila mtu anatafuta pa kupeleka mifugo. Ndugu nao walikuwa wakileta ng'ombe wao, na ni vigumu kumkatalia ndugu. Nyasi zilikuwa hazijafunga mbegu wala kuweka akiba. Baada ya miaka kadhaa ya hivyo, sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu uliokanyagwa na kwato hadi ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayazami, huteremka korongoni.

Palipokuwa na nyasi, nyingi zilikuwa zile nyembamba ambazo mbegu yake ina nywele tatu ngumu. Kila mama aliyepita mbugani akiwa na kitenge anazijua, maana hujichoma katika nguo na kuwasha miguu. Wataalamu huziita Aristida. Zikishakomaa ng'ombe hupata faida ndogo sana kwazo. Ukiona zimetawala malishoni, mara nyingi ni dalili kwamba ardhi imechoka, kama vile midomo iliyopauka ilivyo dalili ya upungufu wa damu.

Kivuli cha mgunga

Tukarudi kwa bibi, kwa sababu alikuwa na la pili la kutuonyesha. Katikati ya ngitili yake ilisimama migunga mikubwa, ile yenye kilele kilichotandazwa kama mwavuli. Chini yake nyasi zilikuwa tofauti kabisa na za uwanja wa wazi. Zilikuwa ndefu, zenye majani mapana na laini, na ingawa ilikuwa Oktoba, chini kwenye shina bado palikuwa na ukijani. Wataalamu huziita nyasi hizo Panicum maximum. Bibi haziiti hivyo, lakini anajua kwamba zinapenda kivuli na kwamba ng'ombe anayekamuliwa akizila, maziwa huonekana.

Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kwamba mti hunyang'anya nyasi maji na jua, kwa hiyo mwenye kutaka malisho akate miti. Kumbe katika nchi kavu mambo si mepesi hivyo. Katika miaka ya 1980 watafiti walipima ardhi chini ya migunga na mibuyu katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, wakailinganisha na uwanja wa wazi. Chini ya miti waliona joto la udongo limepungua, rutuba imeongezeka, na maji ya mvua yanazama kwa urahisi zaidi. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1989: nyasi na mimea midogo chini ya migunga ilizaa karibu mara mbili ya ile ya uwanjani.

Sababu zake zaeleweka hata jikoni. Mti huangusha majani yake madogo, nayo huoza na kuwa mboji. Mizizi yake huenda chini sana, huvuta chakula ambacho nyasi hazikifikii na kukileta juu kwa njia ya majani hayo. Mgunga ni wa jamii ya kunde, kama maharage na karanga, jamii inayosifika kwa kuongeza nitrojeni katika udongo. Ng'ombe na mbuzi hupumzika kivulini mchana na kuacha samadi. Ndege hulala matawini na kuacha ya kwao. Kivuli nacho huzuia jua lisikaushe udongo upesi. Kila mmoja anaweka mkono wake katika chungu kimoja.

Tena nyasi za chini ya miti mikubwa zina majani mengi kuliko vijiti, na protini zaidi. Kwa mama anayenyonyesha tungesema zina lishe bora. Kwa ng'ombe anayenyonyesha ni hivyo hivyo. Na mgunga wenyewe huongeza chakula kingine: maganda yake yaliyojikunja kama pete hudondoka wakati wa kiangazi, na mbuzi na ng'ombe huyaokota kwa hamu.

Miti nayo ikizidi

Lakini tusije tukatoka katika kosa moja na kuingia katika jingine. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba mgunga usiku huweza kupandisha maji kutoka chini na kuyaachia katika udongo wa juu. Hata hivyo mizizi yake hiyohiyo huyanywa tena, na pengine hunywa zaidi ya ilivyoleta. Kwa hiyo mti ni jirani mwema na pia mshindani. Iwapo wema utashinda au ushindani, hutegemea ukavu wa nchi, ukubwa wa mti na idadi ya miti.

Miti michache mikubwa iliyoachana, yenye kivuli chepesi, husaidia malisho. Vichaka vya miiba vilivyosongamana huyaua. Na vichaka hivyo mara nyingi huja kwa sababu ya uchungaji uleule usiopumzisha: nyasi zikiisha, miche ya miiba haina mshindani, wala hakuna nyasi kavu za kutosha kuwasha moto wa kuiunguza. Mbegu zake huletwa na samadi ya ng'ombe na mbuzi waliokula maganda. Baada ya miaka michache unakuta pori ambalo hata mbuzi hapenyi.

Mwenye ngitili hupunguza miche iliyosongamana, huacha iliyonyooka na yenye nafasi, na hukata matawi ya chini. Kazi hiyo humpa kuni bila kuangusha mti.

Hekima iliyopotea na kurudi

Shinyanga ina historia ambayo watoto wetu yafaa waijue. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu mikubwa ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o waletao ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na miti ikaendelea kukatwa kwa kuni. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kuhama huko kulikuwa na nia yake, lakini ngitili nyingi ziliachwa nyuma bila mwenyewe, zikachungwa na kila apitaye.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huo aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi wanaukumbuka kwa jina la HASHI, uliofanya kazi hadi 2004. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti ya kigeni. Kisha wakawasikiliza wenyeji, na wenyeji wakawakumbusha ngitili. Ardhi iliyofungwa na kupumzishwa iliotesha miti yake yenyewe kutoka katika visiki na mbegu zilizokuwa zimelala udongoni. Nyasi za kudumu zikafuata.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa karibu hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2003 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wachunguzi walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo katika ardhi iliyokuwa imeitwa jangwa. Na jambo hili akina mama mtalifurahia: katika familia zilizochunguzwa, mwanamke alipunguza kati ya saa 2 na 6 za kutafuta kuni kwa siku. Saa hizo ni za kunyonyesha, za kupika chakula cha pili cha mtoto, na za kupumzisha mgongo.

Walinzi wa ngitili hawakuwa askari wa mbali. Ni sheria za kijiji, mikutano ya jadi ya dagashida na sungusungu, waliomtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Ngitili ikikosa kusimamiwa, ni uzio wa maneno tu.

Mti uliouzwa

Tuwarudishe sasa kwa yule mama wa pili, maana habari yake ndiyo iliyotugusa zaidi.

Ngitili ya nyumba yake ilikuwa na migunga mitatu ya kale. Miaka miwili kabla ya sisi kufika, binti yao mkubwa alifaulu na kupangiwa shule ya bweni. Ilihitajika sare, godoro, sanduku na nauli. Baba alitafuta kila mahali, hatimaye akamwuzia mchoma mkaa mgunga mmoja. Tusimhukumu. Ni mzazi gani aliye na mti na binti, akachagua mti?

Jambo lililowapotosha ni hili. Mvua iliyofuata, pale mti ulipokuwa umesimama, nyasi zilinawiri kuliko wakati wowote. Baba akasema, "Mnaona? Mti ulikuwa unatunyonya." Akaanza kuwaza kuiuza na ile miwili iliyobaki.

Bwana mifugo aliyetembea nasi alitufafanulia. Rutuba ya miaka mingi ilikuwa bado imo udongoni, na sasa jua limeingia na mzizi unaoshindana umekufa. Ni kama nyumba ambayo baba amefariki na akiba imebaki benki: mwezi wa kwanza watoto wanaweza kula vizuri kuliko zamani. Akiba ikiisha, hakuna mwingine wa kuweka. Kwa kweli tulipotazama mahali pale Oktoba ile, nyasi laini za kivulini zilikuwa zimekwisha, na zile za nywele tatu zilikuwa zimeingia. Chini ya migunga miwili iliyobaki, ingawa palikuwa pamechungwa mno, tulikuta mashina machache ya nyasi za kivulini yaliyojificha katikati ya mizizi, mahali ambapo mdomo wa ng'ombe haufiki.

"Basi mbegu bado ipo," bwana mifugo alisema.

Mama yule alikuwa amesimama kimya na mtoto mgongoni. Usiku, alitueleza baadaye, alishindwa kulala. Kwa desturi ngitili ni ya ukoo wa mume, na mwanamke hasimami kwenye baraza na kusema ifungwe. Lakini anaweza kusema ndani ya nyumba. Alimsubiri mumewe amalize kula, akamwambia kwa upole, "Baba, nesi amesema mtoto amepungua. Naomba sehemu yenye ile miti miwili tuifunge, hata kama ni kipande kidogo, kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa kumkamulia mtoto." Hakuzungumza habari za mazingira. Alizungumza habari za mtoto. Bibi wa jirani naye alimwita yule baba, akazungumza naye kama mama azungumzavyo na mwanawe.

Baba alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alikwenda kukata matawi ya miiba, akazungushia kipande kile uzio. Ndugu zake wawili walinuna. Mmoja hadi leo hajafurahi.

Hatutaki kuwadanganya. Malisho hayaponi kwa wiki moja, na mtoto mwenye utapiamlo hangoji nyasi. Mtoto yule tulimwandikisha mara moja katika ufuatiliaji wa zahanati, na mama alianza kumpikia uji wenye karanga zilizotwangwa, dagaa waliosagwa na mboga za majani. Huo ndio uliomwinua mwaka ule.

Mvua ya kwanza baada ya uzio, kipande kile kiliota magugu mengi, na watu wakacheka. Mvua ya pili nyasi za kivulini zilitoka chini ya migunga, zikaanza kutambaa kuelekea nje, na ukoka ukafunika sehemu iliyokuwa tupu. Oktoba iliyofuata tuliwapitia tena. Ng'ombe mmoja alikuwa anakamuliwa. Yalipatikana maziwa ya kikombe kimoja kikubwa asubuhi, basi. Mama alituonyesha kikombe chenyewe kama mtu anayeonyesha cheti. Migunga miwili bado imesimama.

Tufanye nini, akina mama?

Kutokana na tuliyoyaona na kufundishwa, tunawashauri mambo haya:

1. Tembea katika malisho yenu mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mvua na katikati ya kiangazi. Tazama ni nyasi zipi zimebaki. Waulize bibi na wachungaji wadogo. Watoto wanaochunga wanajua nyasi kuliko tunavyodhani.

2. Angalia dalili mbaya: udongo mtupu kati ya mashina, mizizi iliyofichuliwa, nyasi za nywele tatu kuzidi, miche ya miiba kusongamana. Dalili hizi zikionekana, malisho yanaomba kupumzika.

3. Anzeni na kipande kidogo mnachoweza kukilinda. Kifungeni mvua zinapoanza, na msikifungue kabla nyasi hazijakomaa na kuangusha mbegu. Mkikifungua, lisheni sehemu kwa sehemu, na acheni mashina yabaki. Msichunge hadi udongoni.

4. Msiuze mgunga mkubwa kwa sababu ya mkaa wa wiki chache. Kama kuna shida ya fedha, kaeni kwanza mhesabu pamoja, baba na mama: je, kuna mbuzi, kuku, au kikundi cha kuweka na kukopa kinachoweza kusaidia? Pogoeni matawi, lakini shina libaki.

5. Punguzeni miche iliyosongamana. Hiyo ndiyo kuni yenu.

6. Elewaneni na ndugu na majirani mapema, kabla ya kiangazi, na mpitishe makubaliano yenu kwa uongozi wa kijiji. Ugomvi wa malisho huanza pale ambapo hakuna aliyesema lolote.

7. Maziwa yakipatikana, yachemsheni kabla ya kumpa mtoto, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake.

Mara nyingi sisi akina mama tunadhani kazi yetu huanza pale maziwa yanapofika jikoni. Mambo ya ardhi tunawaachia akina baba. Lakini mwenye kuona kwanza kwamba kibuyu kimepungua ni mama. Mwenye kutembea mbali zaidi miti inapoisha ni mama. Mwenye kubeba mtoto hadi kwenye mizani ni mama. Kwa hiyo anayo haki ya kusema mapema, kwa heshima na bila kuchoka, kabla mti haujaanguka na kabla lango la ngitili halijafunguliwa.

Tulipoondoka siku ile ya mwisho, bibi alitusindikiza hadi njia panda. Mama mzaliwa wa mjini alisimama kando ya njia, akachuma shina la nyasi, akalitazama na kuuliza, "Na hii je, bibi, ng'ombe anaipenda?"

Bibi aliitazama akatabasamu. "Hiyo ndiyo ya kufungia lango," alisema. "Iacheni izae."

Tukairudisha mbegu yake chini, tukaendelea na safari.